Ngoma ya Malaika wa Bwana

Jumamosi Leokadia Nantongo alianza na ndizi. Alizimenya, akazifunga kwenye majani ya mgomba kama bibi yake alivyomzoesha, akaziweka motoni, kisha akakaa kusugua utomvu mikononi kwa mafuta na majivu. Utomvu wa ndizi hauondoki kwa maneno matamu. Bibi alipomkagua viganja na kuridhika, ndipo alipomwambia, "Haya, nenda kwenye ngoma yako."

Ngoma yenyewe ilikaa kwenye kibanda cha nyasi nyuma ya kanisa dogo la Kyamulungi, juu ya kilima. Kengele ilikuwa parokiani, mbali, na sauti yake haikufika huku ila upepo ukipenda. Kwa hiyo asubuhi, mchana na jioni watu wa Kyamulungi waliitwa kwa ngoma kusali Malaika wa Bwana. Asubuhi na jioni alipiga katekista mwenyewe, Ssalongo Bbosa. Ssalongo ni jina la heshima la baba wa mapacha, na Muganda akishalipata hakuna amwitaye vingine. Ngoma ya saa sita mchana, tangu magoti yalipoanza kumsumbua Ssalongo, aliachiwa Leokadia, mtoto wa miaka kumi na miwili.

Si wote waliofurahi. Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Lukyamuzi, alisema mbele ya watu baada ya ibada, "Ssalongo, tangu lini msichana akashika ngoma? Wavulana wameisha?"

"Wavulana wapo," Ssalongo alijibu. "Lakini huyu ndiye anayefika."

"Sawa. Siku akiharibu, usije kwangu."

"Akiharibu, nitakuja. Nitakuja mimi mwenyewe."

Leokadia alisikia maneno yale akiwa nyuma ya nguzo, na kwa majuma mengi alitembea kichwa juu.

Upigaji ulikuwa hivi: mapigo matatu, kisha kimya. Mapigo matatu tena, kimya. Matatu ya mwisho, kimya, halafu mapigo tisa ya kufunga. Katika kila kimya mpigaji husali maneno ya malaika na Maria, pamoja na Salamu Maria moja nzima, na watu popote walipo husali naye. Ssalongo alimwambia siku ya kwanza, "Ngoma haisali, mwanangu. Ngoma inaita tu. Anayesali ni wewe, pale inaponyamaza." Akampa na kazi ya kufanya nyumbani: atafute katika Biblia maneno ya sala ile yalisemwa kwanza na nani.

Leokadia hakuyatafuta. Kusali nako alisali siku za mwanzo tu. Baadaye Salamu Maria ilikatwa ikawa nusu, nusu ikawa robo, na mwisho wake alikuwa akisubiri tu huku anahesabu mbuzi wa jirani. Nani angejua? Kutoka bondeni mtu husikia mapigo, hasikii midomo.

Jumamosi hiyo hata kusubiri kulimshinda. Timu ya netiboli ya shule ilikuwa inakwenda kucheza na wasichana wa parokia jirani, na lori lilikuwa limeegeshwa njia panda, chini ya kilima. Dereva alikuwa ameapa kwamba saa sita kamili anaondoka, awepo mtu asiwepo. Leokadia ndiye aliyekuwa mfungaji. Alipofika kibandani, rafiki yake Teopista alikuwa amekwisha kumtangulia, viatu vya mchezo vimening'inia shingoni.

"Bado hujapiga?" Teopista aliuliza.

"Saa sita bado. Imebaki robo saa nzima."

"Robo saa ya nini? Piga sasa hivi, tushuke. Wewe unafikiri kuna anayeangalia saa kule shambani?"

"Ssalongo anaangalia."

"Ssalongo amekwenda kumtazama mgonjwa, nimemwona kwa macho yangu. Leo, wakikuacha, atakayefunga ni Resty. Resty, yule anayerusha mpira kama anafukuza kuku."

Hapo ndipo Leokadia alipozidiwa. Akanyakua virungu, akaipiga ngoma matatu, na bila kupumua akapiga mengine matatu, na mengine, akaunganisha na yale tisa ya mwisho, mkono ukizidi kwenda mbio kwa sababu akili ilikuwa tayari uwanjani. Kwa raha tu akaongeza machache. Kisha akavitupa virungu na wote wawili wakaanza kuteremka mbio, wanacheka.

Sasa, kila mtoto wa Buganda anajua jambo ambalo Leokadia alilisahau. Ngoma inayolia mfululizo, bila kupumzika, kwa saa isiyotarajiwa, si sala. Ni mbiu ya hatari. Ikilia hivyo, mwanamume huacha jembe na kushika fimbo, mama hufunga watoto ndani, na aliye karibu na njia huizuia njia. Imekuwa hivyo tangu enzi za mababu. Na Kyamulungi walikuwa na hasira tayari, maana mwezi uliotangulia wezi walivunja zizi la mjane mmoja, Bi Federesi, wakaondoka na mbuzi wake wote.

Wasichana walikuwa katikati ya mteremko waliposikia yowe la kwanza. Lilitoka upande wa mashamba ya kahawa. Likajibiwa ng'ambo ya bonde, kisha nyuma ya shule, na mara bonde zima likawa linapiga mayowe.

Teopista alisimama. "Kuna nini?"

Wanaume wawili walipita mbio mbele yao, mmoja na panga, mwingine na mchi wa kinu. "Mmeona wamekimbilia wapi?" yule wa mchi aliuliza.

"Nani, Baba?"

"Wezi. Hamkusikia mbiu? Rudini nyumbani upesi."

Wakaenda zao. Leokadia alimtazama Teopista, naye Teopista akamtazama, na hakuna aliyehitaji kuelezwa.

"Wataona hakuna kitu, watarudi," Teopista alisema kwa sauti ndogo.

Lakini walikuwa wamepata kitu. Njia panda, karibu na lori, umati ulikuwa umeanza kujaa, na wasichana waliposogea waliona kilichowakusanya. Palikuwa na baiskeli imelala chini, gurudumu likizunguka bado, na kwenye keria yake mbuzi mweupe aliyefungwa kamba anapiga kelele. Kando ya baiskeli alikuwa amepigishwa magoti mtu wa makamo mwenye koti la kijivu. Hakuna aliyemjua. Alikuwa akiongea Kiganda cha watu wa magharibi, kile cha kuvuta maneno, na hilo peke yake lilitosha kumfanya mgeni.

"Nimemnunua, ndugu zangu," alikuwa akisema. "Nimemnunua sokoni, ninapita tu. Naitwa Karuhize. Ninakwenda kwangu."

"Sokoni kwa nani? Mwite huyo muuzaji aje."

"Nitamwitaje, naye yuko mbali?"

"Ndivyo mnavyosema nyote. Ngoma imelia, na mbuzi huyu hapa. Za mwizi arobaini, bwana, na leo zimetimia."

Bi Federesi alisukumwa mbele amtambue mnyama. Alimtazama, akatikisa kichwa. "Huyu si wangu. Wangu walikuwa weusi."

"Kama si wako ni wa mwingine," mtu alijibu kutoka nyuma. "Ngoma ingelia bure?"

Kofi likampata yule mgeni mdomoni. Akaanguka, na damu ikamtoka. Mtu mwingine akasema asipelekwe polisi, maana polisi huwaachia, na watu kadhaa wakaitikia, na kuitikia kwao kulikuwa kubaya kuliko kelele. Hapo Ssalongo akatokea akichechemea kwa fimbo yake, akawapenya, na bila kuuliza kitu akapiga magoti yale mabovu akamfunika mgeni kwa mwili wake.

"Toka, Ssalongo," Mwenyekiti Lukyamuzi alisema. "Ngoma ni ya kwako na sasa unamkinga mwizi?"

"Mwizi wa nini? Nani ameibiwa? Jibuni hilo kwanza."

"Atakayejibu ni yeye. Toka, usije ukaumia bure."

Fimbo ikashuka. Ilimlenga mgeni, lakini uliopigwa ni mkono wa Ssalongo, na Leokadia aliuona ule mkono ukilegea. Alipiga kelele. Alisema, "Ni mimi, hakuna mwizi, nilipiga mimi," akalisema hilo kwa nguvu zote za kifua chake, akamshika mtu shati, akamshika mwingine mkono. Hakuna aliyemsikia. Mtoto anayelia katikati ya watu wazima wenye hasira huondolewa njiani tu, na ndivyo walivyomfanya. Alisukumwa hadi kwenye tairi la lori.

Teopista alimdaka kiuno. "Nyamaza, wewe. Ukisema, watakugeukia wewe. Na Ssalongo je? Mwenyekiti atasema alimwonya. Watakunyang'anya ngoma. Nani atajua? Twende nyumbani."

Leokadia alitaka sana kwenda nyumbani. Tusimpambe sifa asizokuwa nazo: kwa dakika ile alitaka ardhi ipasuke imfiche, na alikuwa tayari kuwaacha wote pale. Lakini alikuwa ameuona ule mkono, na alijua kwamba fimbo ya pili ingekuwa nzito kuliko ya kwanza. Akajinasua, akaanza kukimbia. Hakukimbilia nyumbani. Alipanda kilima alikotoka.

Kuna kitu kimoja tu alichowahi kuona kikiwanyamazisha watu wote wa Kyamulungi kwa pamoja. Mara nyingi, akiwa juu kule anapiga ngoma ya sala, aliona watu wanaopura maharage wakiacha fimbo hewani. Aliona mwendesha pikipiki akizima injini katikati ya barabara na kuvua kofia. Walikuwa wamefunzwa na mama zao kabla ya kujua kusoma, na kitu cha namna hiyo hukaa mwilini.

Alifika kibandani kifua kinawaka. Kutoka pale ukuta wa kanisa ulizuia macho upande wa lori. Njia panda haikuonekana. Aliweza kusikia tu. Akaokota virungu, vikamponyoka, akaviokota tena.

Akapiga moja, mbili, tatu.

Kisha akajizuia, na hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko kupanda kilima. Kila kiungo kilimwambia apige tena, apige kwa nguvu, aendelee mpaka wamsikie. Lakini akiunganisha mapigo, itakuwa mbiu ya hatari kwa mara ya pili, nao watamaliza walichokianza. Ilimpasa anyamaze. Na ili kimya kiwe kirefu inavyotakiwa, hakuwa na kipimo kingine isipokuwa sala yenyewe, nzima, neno kwa neno.

"Malaika wa Bwana alimpasha habari Maria, naye akapata mimba kwa uwezo wa Roho Mtakatifu." Kelele chini hazikupungua. "Salamu Maria, umejaa neema, Bwana yu nawe." Mtu alipiga yowe, hakujua ni nani. Ulimi ulitaka kuruka mbele, naye akaurudisha. "Utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu." Mara ngapi amelisema neno lile, 'sasa'? Leo 'sasa' yenyewe ilikuwa kule chini, ina koti la kijivu na damu mdomoni. "Amina."

Akapiga matatu mengine.

Kelele zilikuwa zimebadilika. Bado watu walisema, lakini hawakusema pamoja, na sauti moja ilisikika ikiuliza jambo.

"Ndimi mtumishi wa Bwana," Leokadia alisema. "Nitendewe ulivyonena."

Hapo alikwama. Kwa miezi alilipitia neno lile kama mtu anavyopita mbele ya nyumba asiyoijua mwenyewe. Nitendewe. Kumbe ni neno la mtu anayejiweka mikononi mwa lililo mbele yake, zuri au baya. Alijua lililokuwa mbele yake. Akimaliza mapigo haya atashuka, na wote watakuwa wamenyamaza, na hatakuwa na kelele za kumficha. Aliogopa. Akalirudia, safari hii kwa maana yake, "Nitendewe," kisha akasali Salamu Maria yote, pole pole, machozi yakimwingia mdomoni.

Akapiga matatu ya mwisho.

Kimya. Halafu kutoka bondeni, akiwa amebana pumzi, akasikia watu wengi wakisema kwa sauti moja ya chini, yenye kuchoka, sauti ya watu waliozoea: "Neno wa Mungu akatwaa mwili." Na jibu: "Akakaa kwetu."

Alimalizia mapigo tisa. Akavitundika virungu mahali pake. Akashuka.

Teopista alimsimulia baadaye yaliyotokea. Mapigo matatu ya kwanza ya sala yalipolia, mtu mmoja alishusha fimbo bila kujua ameishusha. Mapigo ya pili yalipolia, Bi Federesi alirekebisha kitambaa cha kichwa, akaanza sala kwa sauti, nao wengine wakamfuata. Mara ya tatu, aliyejibu kabla ya wote, "Akakaa kwetu," ni yule mgeni, akiwa bado amelala chini ya Ssalongo. Aliijibu kwa lugha ya kwao. Watu walitazamana, na wale waliokuwa na mapanga wakayashusha ubavuni.

Leokadia alipofika, walimfungulia njia wakidhani anapita tu. Akaenda mpaka katikati, akapiga magoti mbele ya Mwenyekiti, kama binti apigavyo mbele ya mkubwa.

"Mwenyekiti, ile ngoma ya kwanza niliipiga mimi," alisema. "Hakukuwa na mwizi. Nilikuwa nawahi lori, nikapiga kabla ya saa, nikaunganisha mapigo bila kusali. Haikuwa mbiu. Ilikuwa sala niliyoiharibu."

Ilichukua muda watu kuelewa. Kisha minong'ono ikaanza, ikapanda, ikawa makelele. "Mtoto huyu angetufanya tuue mtu." "Viboko." "Msichana na ngoma, si tulisema?" Mwenyekiti Lukyamuzi alikuwa amekunja uso, na jasho lilimtoka, maana fimbo iliyompata Ssalongo ilikuwa mikononi mwake bado.

"Unaelewa ulichofanya?" aliuliza.

"Naelewa."

"Na nilisema. Nilisema mbele ya kanisa zima. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo."

"Ulisema," Ssalongo alimjibu. Alikuwa amesaidiwa kusimama, ameshikilia mkono wake kifuani. "Nami nilisema akiharibu nitakuja mwenyewe. Nimekuja. Nilimfundisha mkono, sikufuatilia kama moyo umefundishika. Hilo ni langu. Lakini Mwenyekiti, ngoma haikumpiga mtu huyu kofi. Haikushika fimbo. Mbiu inatuita tuje tutazame, haituambii tuue. Tumeambiwa mbuzi si wa Federesi, hatukusikia. Tumeulizwa nani kaibiwa, hatukujibu. Mtoto amekiri la kwake. La kwetu atalikiri nani?"

Mwenyekiti aliitazama ile fimbo, kisha akaiangusha majanini na kupangusa mkono kwenye suruali. "La kwangu nalikiri mimi," alisema, kwa shida. "Nimekupiga, Ssalongo. Na huyu ndugu tumemwonea."

Leokadia aligeuka akiwa bado magotini. Mgeni alikuwa amekaa kwenye nyasi, akijifuta mdomo kwa pindo la koti.

"Baba, nisamehe," alimwambia.

Karuhize alimtazama, na macho yake hayakuwa na upole. "Ningekufa hapa," alisema. "Wanangu wangeambiwa baba yenu alikuwa mwizi wa mbuzi. Wangeishi na jina hilo mpaka uzee. Umelifikiria hilo?"

"Hapana, Baba."

"Lifikirie." Akapumua. "Ila umerudi. Wengine hawangerudi. Nipeni maji."

Maji yakaletwa na watu wengi kuliko kiu yake. Hapo ndipo Teopista alipouliza kwa woga, "Na mbuzi yuko wapi?" Kamba ilikuwa imekatika wakati wa vurugu. Basi wale wanaume waliotoka na mapanga na michi wakatawanyika tena bondeni, safari hii kumtafuta mbuzi wa mtu waliyetaka kumwua kwa ajili ya mbuzi. Walimkuta kwenye viazi vya Mwenyekiti mwenyewe, ameshiba, na Mwenyekiti hakusema neno. Karuhize alisindikizwa mpaka barabara kuu, kuku mmoja amefungwa kwenye usukani na mkungu wa ndizi kwenye keria, na Lukyamuzi mwenyewe ndiye aliyemsukumia baiskeli.

Lori halikwenda popote. Dereva wake naye alikuwa ametoka na spana, na aibu ilikuwa imemshika.

Alasiri Leokadia alikwenda nyumbani kwa Ssalongo. Mkono ulikuwa umefungwa kitambaa na kuvimba. Alipiga magoti mlangoni, akaanza, "Ssalongo, ngoma mpeni mvulana," naye akamkatiza.

"Kaa. Fungua Luka, sura ya kwanza. Ile kazi niliyokupa tuifanye sasa."

Akasoma kwa sauti, na kila alipofika mahali pa sala alisimama mwenyewe kwa mshangao. Salamu ile, umejaa neema, Bwana yu nawe, ilisemwa na malaika Gabrieli alipoingia kwa Maria. Kubarikiwa kuliko wanawake wote kulisemwa na Elisabeti, jamaa yake mzee, Maria alipomtembelea.

"Na 'Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu' nani alisema?" Leokadia aliuliza. "Siioni."

"Hiyo ni sisi. Kanisa liliongeza ombi lake juu ya maneno ya malaika na ya Elisabeti. Endelea. 'Nitendewe' ni ya nani?"

"Ya Maria. Iko hapa." Akageuza kurasa kama alivyoelekezwa, mpaka Injili ya Yohane, sura ya kwanza. "Na 'Neno akatwaa mwili, akakaa kwetu' ni hapa."

"Basi umeona. Sala yetu ya mchana ni Injili fupi: malaika anapasha habari, binti anajibu, Mungu anakuja. Sasa niambie. Binti aliyeposwa, akionekana ana mimba kabla hajaingia kwa mumewe, watu wa kwao wangemfanya nini?"

Leokadia alifikiri. "Wangemsema."

"Sheria ya siku zile ilikuwa mawe. Umati kama ule wa leo, na mawe mikononi. Maria aliijua, na alikuwa binti mdogo tu. Ndiyo maana Kanisa halijachoka kulirudia neno lake kila siku, asubuhi, mchana na jioni. Kusema 'nitendewe' si jambo jepesi."

Leokadia aliinamisha kichwa. "Mimi nilikuwa naliruka."

"Ulikuwa unaliruka, na adhabu utaipata. Ngoma itapumzika mikononi mwako mwezi mzima. Utakuja kila siku, utasimama karibu nami, utasali kwa sauti nikusikie, na kupiga nitapiga mimi kwa mkono huu uliobaki. Baada ya hapo ni yako tena, Mwenyekiti apende asipende." Akauweka sawa ule mkono mgonjwa mapajani. "Lakini na hili ulishike, mwanangu, ulibebe mpaka ukubwani. Rafiki yako alikuambia unyamaze, na alisema kwa kukupenda. Ukweli unauma, hakukosea. Ila ukiuficha, maumivu yake hayapotei. Humwangukia mtu mwingine, na leo yalikuwa yamekwisha kumwangukia mtu anayepita njia na mbuzi wake."